Mkutano Bila Kibali

Nianze na mjumbe, maana bila mjumbe hii ingekuwa habari ya nyaya tu.

Mwaka 2015 nilikuwa nimepanga Tabata, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba alikaa nyumba ya pili yake, na katikati ulikuwapo uchochoro ambao mtu mnene hupita ubavu ubavu. Mzee huyo ndiye pia aliyekuwa mjumbe wetu wa nyumba kumi, na ujumbe wenyewe aliushika kwa mikono miwili na meno. Shingoni alining'iniza filimbi, mchana na usiku. Mgeni akilala kwako bila taarifa, asubuhi unaitwa. Shemeji yangu alipokuja kutoka Tanga kuanza chuo, begi hajalitua, chai haijachemka, mzee ameshaingia na kaunta buku lake.

"Jina?"

Shemeji akataja.

"Na utakaa mpaka lini?"

"Mpaka nimalize chuo, mzee."

Mzee akalamba ncha ya kalamu, akaandika "miaka mitatu", akaipigia mstari chini. Ndiyo mtu niliyepakana naye dirisha kwa dirisha. Mkae mkijua.

Sasa mimi nina ugonjwa wa gemu ya mpira. Nilikuwa na PS3, mashine ya gemu, ya mtumba, na runinga bapa ya inchi 32, na kama umewahi kuwa na runinga bapa unajua tabia yake: picha inakupa wewe, sauti inaupa ukuta, kwa kuwa vispika vyenyewe ni vidogo na vimekaa kwa nyuma. Unafunga goli, uwanja mzima unalipuka, halafu unachosikia ni nyigu waliofungiwa kwenye kopo la maziwa.

Jumamosi moja ya Septemba nikapita Kariakoo kwa shughuli nyingine kabisa. Nikaiona homu thieta, mtumba lakini haina mkwaruzo: deki, sabufa kama stuli, na spika tano ndogo. Nikauliza bei ili niondoke. Muuzaji hakunitajia bei. Aliniinamia akaninong'oneza: "Bosi, hii ukicheza mpira, shabiki wa nyuma anakupumulia shingoni."

Nilitoa hela hapo hapo. Hata waranti sikuulizia.

Nilifika nyumbani kwa bodaboda, sabufa mapajani, spika kwenye mfuko wa salfeti. Mke wangu alikuwa mlangoni. Akautazama ule mzigo, akanitazama mimi.

"Baba watoto, hii ni ya kwetu au umembebea mtu?"

"Ya kwetu."

"Aah." Akaingia ndani. Ile "aah" naisikia hadi leo.

Shemeji ndiye aliyekuwa mtaalamu. Chuoni alikuwa akisomea uhasibu, lakini kwa umri wake nyumba nzima ilimhesabu fundi. Tukaanza saa moja jioni, kila mtu na biskuti yake, tukijua kufikia taarifa ya habari tutakuwa tumemaliza.

Nyuma ya ile homu thieta kulikuwa na tundu la HDMI, la waya ule unaobeba picha na sauti pamoja, na nyuma ya PS3 lipo la HDMI. Vitu viwili vinafanana, unafanyaje? Tukaviunganisha. Kimya. Tukachomoa, tukapuliza, tukachomeka. Kimya, na sasa hata picha hatuna, maana ule waya tulikuwa tumeunyang'anya runinga. Nusu saa nzima tunapuliza. Ndipo shemeji akainama na tochi ya simu akasoma herufi tatu zilizoandikwa chini ya tundu: OUT. Lilikuwa tundu la deki kupelekea picha kwenye runinga. Kumbe muda wote tulikuwa tumeunganisha bomba na bomba, midomo imetazamana, tunasubiri ndoo ijae.

Tukairudishia runinga waya wake, tukajaribu nyaya nyekundu na nyeupe. Hizo hazina makuu, sauti ikatoka papo hapo. Lakini ilitoka mbele tu, spika mbili na sabufa; za nyuma zimekaa kama wazee wa mtaa, zinatazama. Nyaya zile ni mbili, kushoto na kulia, basi. Mimi shabiki wangu wa kunipumulia shingoni sijampata bado, na nilikuwa nimemlipia.

"Shem, hapa dawa ni waya wa optikali," akasema shemeji.

Huo ulikuwemo kwenye mfuko, mweusi, mwembamba, sijui kazi yake. Akanieleza kwamba hauna shaba ndani, sauti inapita humo kwa mwanga. Nikacheka. Lakini ni kweli tupu: Toshiba waliuleta mwaka 1983, na ukiuchomeka upande mmoja, ule mwingine unawaka katundu kekundu kama kiberiti kinachozimika. Humo ndimo zinamopita zote kwa pamoja, spika tano na sabufa, ndiyo ile "tano nukta moja" wanayoiandika kwenye boksi. Ile nukta moja ni sabufa. Mtu mwenyewe ana kilo tisa, lakini wamempa nukta.

Kabla ya kuuchomeka ilibidi tupange spika za nyuma. Kochi letu limeegemea ukuta wenye dirisha. Ya kushoto ikapanda juu ya kabati la vyombo. Ya kulia haikuwa na pa kukaa isipokuwa dirishani, na mke wangu alishatoa tamko: pazia lile limetoka Zanzibar, haliwezi kuzibwa na kijiboksi. Nikaifunga kwa kamba kwenye nondo, nyuma ya pazia, inatazama ndani. Vioo viliachwa wazi kwa sababu ya joto. Nikarudisha pazia. Pakawa pazuri hata mke wangu akakubali.

Nilichokuwa sijui ni kwamba waya wa spika ukikaa mwaka mzima umekunjwa unaipenda ile kunjo yake. Ukajinyonga taratibu, na ile spika ikageuka pole pole kama mtu aliyesusa, ikakipa kisogo chumba na kutazama nje. Mbele yake, uchochoro. Baada ya uchochoro, dirisha la chumba cha kulala cha mjumbe.

Homu thieta ina sauti yake ya majaribio, shshshsh, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo, inazunguka spika moja baada ya nyingine. Mbele kushoto, safi. Katikati, safi. Ikifika nyuma kulia inasikika kwa mbali.

"Hii ya kulia imechoka, shem."

"Mtumba huo. Iongeze."

Shemeji akaiongeza. +2. Bado. +4. Bado. Akaipeleka +6, ambako ndiko mwisho wake, na angalau tukaanza kuisikia. Tukapongezana.

Tukaingia kwenye mipangilio ya PS3, tukachagua sauti itoke kwa optikali, kwa mtindo wa Dolby Digital, ndio unaofungasha sauti za spika zote. Kwa kuchagua hivyo runinga nayo ikanyamaza. Sawa, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ila homu thieta nayo kimya. Nikaongeza sauti: 20. 30. 40. Ikafika 50, namba zikagoma kuendelea. Shemeji akafungua YouTube kutafuta mtu wa kumweleza, bando likaisha yule mtu akiwa bado anasalimia. Saa tano na kitu usiku sasa. Waya wenyewe upande wa homu thieta haukutaka kukaa, kila tukiuachia unalegea, nikawa nausukuma kwa dole gumba kama mtu anayekandamiza kizibo.

Mke wangu alikuwa pembeni anachambua mchele wa kesho. Akasema bila kuinua macho: "Na hicho kikofia mnakiachia nini?"

"Kikofia gani?"

Akatua ungo, akaja, akauchomoa ule waya mkononi mwangu, na kwa kucha mbili akavua kifuniko cha plastiki kilichokuwa kwenye ncha. Kidogo kama kofia ya kalamu. Ncha ikawaka nyekundu.

"Mnasema unapitisha mwanga," akasema, "na mmeuvika baraghashia."

Akauchomeka mwenyewe. Ukalia *ka!*

Jamani, 50.

Sijui niseme nini. Vikombe vya kabatini vilihama. Mke wangu aliruka, ungo ukaenda na mchele, na rimoti iliyokuwa zuliani ikafukiwa na mchele. Tukapiga magoti watu watatu tunafukua kama kuku, na uwanja mzima unaimba juu ya vichwa vyetu. Nadhani ilichukua dakika nzima. Nikaipata, nikashusha hadi 30, tukatazamana.

Halafu nikaisikia. Mtangazaji mbele yangu. Mpira unapigwa, pap, mbele kushoto. Na nyuma yangu, huku nyuma kabisa kwenye kisogo, watu. Wanazomea, wanaimba, wengine tarumbeta. Nilikaribia kulia. Shemeji akashika pedi ya pili ya kuchezea.

"Moja tu, shem, halafu tukalale."

Dakika ya kumi ya mchezo, nikasikia filimbi. Kali, ndefu, kutoka nyuma.

"Umeisikia hiyo?" nikamwambia. "Refa yuko nyuma! Hii ndiyo sarandi, sauti ya kukuzunguka!"

"Mbona mchezo haujasimama?"

"Faida kwa mshambuliaji."

Filimbi tena. Mara tatu. Kisha sauti ya mwanaume, nzito, yenye hasira: "Tawanyikeni! Nasema tawanyikeni!"

Shemeji akaishusha pedi polepole. "Shem. Gemu hii ina Kiswahili?"

Mlango ukagongwa kwa rungu.

Alikuwa mjumbe, na msuli, na tochi, na nyuma yake vijana wawili wa ulinzi wa mtaa na jirani mmoja aliyeshika mchi. Nikaanza, "Shikamoo, mz..."

"Utaniamkia baadaye. Wako wapi?"

"Nani, mzee?"

"Watu."

Ikumbukwe mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, kampeni zimepamba moto, na mikutano mwisho wake saa kumi na mbili jioni. Mzee alikuwa amelala zake, akaamshwa na kishindo, halafu akasikia umati dirishani kwake. Na kwa kuwa spika ile ya nyuma haina mtangazaji wala mpira, kazi yake ni mashabiki peke yao, yeye alichosikia ni halaiki tupu, inashangilia, inazomea, inapiga tarumbeta. Kafungua dirisha, uchochoroni hamna mtu. Lakini kelele ipo.

"Wanaimba," akasema, huku akimulika chini ya meza. "Kizungu. Nani kawaleta?"

Akaingia chumbani, akamulika uvunguni. Akamulika bafuni. Akarudi sebuleni, akanikuta nimeshika pedi, mchele umenigandia magotini.

"Mzee, ni gemu," nikasema. "Ni mpira wa kwenye runinga. Keti uone."

Hakutaka kuketi. Vijana wa ulinzi ndio walioketi kwanza, tena mbele kabisa, na mmoja akauliza matokeo. Basi mzee naye akaketi ukingoni mwa kochi, rungu katikati ya magoti. Shemeji, kwa heshima, akanifunga goli. Uwanja ukalipuka, na mzee akageuza shingo kwa kasi hadi tochi ikamponyoka.

"Hapo!" akasema. "Wako hapo!"

Akasimama, akalifungua pazia la Zanzibar.

Spika ilikuwa inamtupia kisogo, imening'inia kwenye kamba yake, inauimbia uchochoro. Ng'ambo, hatua mbili tu, mke wa mjumbe amesimama dirishani kwake na khanga kichwani.

"Mmewakamata?" akauliza.

Mzee hakumjibu. Aliitazama spika. Akaitazama nyumba yake. Akanitazama mimi kwa muda ambao ningeweza kuufanyia hesabu ya kodi ya miezi sita. Kisha akamwita kijana mmoja, akamnong'oneza, na kijana akatoka mbio. Nikajua ni polisi. Mke wangu akaanza kuomba radhi kwa lafudhi ya kwao, ambayo huitoa kwenye misiba tu.

Kijana akarudi na kaunta buku.

Mzee akaketi tena, safari hii katikati ya kochi, akaufungua ukurasa mpya, akaandika namba ya nyumba na tarehe. Akavaa miwani.

"Hawa wa nyuma," akasema. "Niandike wangapi?"

Nikakosa neno. Shemeji, ambaye sijawahi kumsamehe, akajibu: "Elfu sitini, mzee. Kama Uwanja wa Taifa."

Mzee akaandika, sifuri moja moja, bila haraka. Akaipigia mstari chini. Akalamba ncha ya kalamu.

"Na watakaa mpaka lini?"