Bealach na Bà: kupanda asubuhi au kuteremka jioni?

Rasi ya Applecross, kaskazini-magharibi mwa Uskoti, ina barabara mbili tu za kuingilia. Moja ni Bealach na Bà: inaanza usawa wa bahari pale Tornapress, kwenye ghuba ya Loch Kishorn, na kupanda hadi mita 626 katika umbali wa kilomita 9 na ushee. Nyingine ni ya pwani, inayotoka Shieldaig na kuzunguka kaskazini kupitia Fearnmore, takriban kilomita 40 za vilima vifupi visivyokwisha. Ile ya mlimani ilijengwa mwaka 1822. Ya pwani ilikamilika miaka ya 1970, na kabla ya hapo theluji ikiziba mlima, gari halikuwa na njia nyingine ya kutoka. Ziunganishe kwa barabara ya A896 kati ya Shieldaig na Tornapress, utapata mzunguko wa kilomita 70 hivi, na ni vigumu kupata mzunguko bora zaidi kwa baiskeli ya barabarani katika pwani hiyo.

Wanaoujua wanabishana jambo moja: uelekeo. Wengine huenda mwelekeo wa saa, yaani mlima kwanza na pwani baadaye. Wengine huenda kinyume cha saa, wakaanza na pwani na kumaliza kwa kuteremka Bealach kurudi Tornapress. Kila upande una hoja za maana, ila hazina uzito sawa.

Wanaopendelea kinyume cha saa huanzia kwenye miguu. Mlima ukiupanda kutokea kijiji cha Applecross una urefu unaokaribiana, lakini mwinuko umetawanyika vizuri zaidi na haufikii ile asilimia 20 ya upande wa Tornapress. Hapa ndipo gia zinapoamua. Chukua mtu wa kilo 75 na baiskeli ya kilo 9. Akiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, akikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, atakwenda kilomita 9 kwa saa, na kwenye asilimia 20 mwendo huo unadai zaidi ya wati 400. Wachache sana wanazo. Akiweka meno 34 nyuma, mahitaji yanashuka hadi wati 340. Akiwa na 30 mbele na 36 nyuma, kama 280. Mwenye kaseti (seti ya gia za nyuma) inayoishia meno 28 na asiye na muda wa kuibadilisha ana sababu halali ya kuukwepa upande huo, au akubali kushuka na kusukuma hatua chache, jambo ambalo si la aibu hata kidogo.

Ule wastani wa asilimia 7 unaotajwa kila mahali unadanganya. Kilomita za mwanzo zinapanda taratibu ubavuni mwa mlima, ghuba ikionekana chini, mtu anajiona ana nguvu. Kisha barabara inaingia bondeni na kunyooka kwenye asilimia 10 na zaidi, bila kona ya kupumzishia macho. Hapo ndipo watu huishiwa. Kona zinazojikunja karibu na kilele, zile zinazopigwa picha na kila mpita njia, zinatoa nafuu kidogo ukizichukua kwa upande wa nje, kama hakuna gari linalokuja. Anayesubiri kona ndipo ateseke huwa amekwisha kuteseka.

Hoja yao ya pili ni utulivu. Tangu njia ya kitalii ya North Coast 500 izinduliwe mwaka 2015, ikipita hapa hapa, magari ya kulala ndani yameongezeka sana wakati wa kiangazi. Kibao kilichopo chini ya mlima kinawaonya wanaojifunza kuendesha, magari makubwa sana na yanayovuta nyumba za magurudumu wasiende, lakini baadhi huenda. Jioni mlima hupungua watu, na Juni kuna mwanga wa saa 18, kwa hiyo kuufikia saa 12 jioni si hatari ya giza. Hoja nzuri, lakini asubuhi na mapema inatoa utulivu uleule. Anayeondoka Tornapress saa 1 asubuhi hukutana na kondoo wengi kuliko magari.

Kwa upande wa pili, wa mwelekeo wa saa, hoja nzito kuliko zote ni breki. Mtu na baiskeli ya jumla ya kilo 84 wakishuka mita 626 wanaachia zaidi ya kilojuli 500 za nishati. Kwenye barabara pana na iliyonyooka, sehemu kubwa ingeliwa na hewa. Kwenye barabara ya gari moja, yenye kona kali na magari yanayopanda kukulaki, unalazimika kwenda polepole, na sehemu kubwa ya nishati hiyo inaingia kwenye breki. Rimu za alumini hupata joto la kutosha kupasua tyubu. Rimu za kaboni zilizotengenezwa kwa breki zinazobana rimu zinaweza kulainika na kuharibika kabisa. Breki za diski hustahimili zaidi, lakini pedi zikipashwa moto mfululizo hung'aa kama kioo na kuacha kushika. Kosa ni lilelile kila mara: kubana kidogo kidogo bila kuachia tangu juu hadi chini. Kinachotakiwa ni kubana kwa nguvu ukiwa bado umenyooka, kuachia kabla ya kuinama kwenye kona, na kusimama kando dakika chache ukisikia harufu ya kuungua. Ukienda mwelekeo wa saa, mteremko wako ni ule wa kuelekea Applecross: una mwonekano mrefu na nafasi ya kuona gari mapema. Hatari yake ni kulungu wanaokatiza ghafla, na kwa hao breki zilizopoa zina maana.

Pili ni upepo. Unaotawala hapa hutoka kusini-magharibi. Sehemu iliyo wazi kuliko zote ni kutoka Applecross kwenda kaskazini hadi Fearnmore, bahari ikiwa kushoto na hakuna mti wa kukukinga. Kwa mwelekeo wa saa upepo huo unakusukuma mgongoni. Kinyume chake unakuwa wa omo, na kila kilima kinahesabika mara mbili. Wapo wanaosema pia mwelekeo wa saa unakuweka upande wa bahari kwa sababu Uingereza huendesha kushoto, kama Kenya na Tanzania. Kweli, ila barabara ni ya gari moja, hivyo upande hauna maana kubwa. Kinachofaa kujua ni kanuni ya sehemu za kupishana: ikiwa kushoto kwako, ingia, ikiwa kulia, simama sambamba nayo umwache mwenzako aitumie. Magari ya nyuma nayo yapishe. Dereva aliyekufuata kilomita mbili ndiye atakayelazimisha kupita kwenye kona.

Tatu ni hali ya hewa, na hii kwangu ndiyo inayomaliza ubishi. Anayeanzia Tornapress anauona mlima asubuhi. Wingu likiwa limeufunika, anageuza na kwenda Shieldaig, siku haijaharibika. Anayeanza na pwani anafika Applecross akiwa na karibu kilomita 50 miguuni, ndipo anagundua kilele hakionekani. Chaguo lake ni kurudi kilomita 50 zilezile, au kuteremka asilimia 20 kwenye ukungu na lami iliyolowa. Kilele huwa na baridi zaidi ya chini kwa nyuzi 4 hivi hata pasipo upepo; jaketi la kuzuia upepo na glavu za vidole vyote viwe mfukoni, hata Julai.

Kuna na suala la tumbo. Kati ya Applecross na Shieldaig usitegemee duka. Anayekwenda mwelekeo wa saa anakula Applecross baada ya mlima; mwenzake anakula sahani ya samaki na chipsi kisha anaanza kupanda kutoka usawa wa bahari.

Kwa hiyo ushauri ni mwelekeo wa saa, isipokuwa katika hali mbili. Upepo ukitoka kaskazini, kama hutokea kwenye siku kavu za Mei, pwani inageuka na mwelekeo wa kinyume unakuwa na faida ya wazi. Na gia zako zikiwa ngumu huku breki ni za diski zenye pedi mpya, kinyume pia kinaeleweka.

Kwa vyovyote, tairi za milimita 28 ni kiwango cha chini. Za 32 zilizojazwa upepo wa psi 55 hivi zinafaa zaidi, kwa kuwa lami ni ya kokoto. Vizuizi vya mifugo, yale mabomba ya chuma yaliyolazwa barabarani, vivuke ukiwa umenyooka, bila breki na bila kukanyaga. Vikilowa huteleza kama sabuni. Usubi huuma kuanzia Mei hadi Septemba na hauwezi kuruka upepo ukizidi kilomita 11 kwa saa, kwa hiyo utakusumbua asubuhi tulivu unapofunga viatu Tornapress, na pancha ukiipata mahali palipokingwa. Ibadilishie kwenye upepo.

Asiye na gari hushuka treni Strathcarron, kwenye njia ya Inverness kwenda Kyle of Lochalsh, kisha kama kilomita 14 hadi Tornapress kupitia Lochcarron. Jumla inakaribia kilomita 100 kwenda na kurudi: saa 6 barabarani kwa wengi, bila mapumziko. Treni ni chache na nafasi za baiskeli ndani yake ni chache zaidi, hivyo weka nafasi ya kurudi kabla hujaweka ya kwenda.