Koki Inayocheza Haiponi kwa Silikoni

Mtu huizoea koki inayocheza. Anafungua maji kwa mkono mmoja, wa pili ameishika shingo isimkimbie, na baada ya mwezi hakumbuki tena kwamba hivyo sivyo inavyotakiwa. Mimi niliishi hivyo muda mrefu. Maji yanatoka, yanafungika, hayadondoki; fundi wa nini?

Kisha nikaamua kuwa mjanja: nikaizungushia silikoni. Ikakauka, koki ikatulia, nikajisifu. Wiki chache tu, ikaanza upya. Nilichokuwa sijakijua ni kwamba maji yanayomwagika juu ya sinki yalikuwa yakipenya chini ya mpira wa kitako, ule unaokaa kati ya koki na sinki, na kuteremka kabatini taratibu, mpaka ubao wa chini ukavimba na kubenuka. Tangu siku hiyo, nikiona koki imezungushiwa silikoni nene, hushuku kuna kitu kimefichwa.

Ukweli ni kwamba koki ya kwenye sinki haishikiliwi na chochote unachokiona ukiwa umesimama. Inabanwa kwa chini: ama na nati moja kubwa, ama na skrubu ndefu moja au mbili zenye nati ndogo na bati lililopinda kama mwezi mchanga. Kila unapozungusha mpini unaitikisa nati hiyo, nayo hulegea kidogo kidogo.

Kwa hiyo hakuna njia: toa vitu kabatini, chukua tochi, lala chali. Funga kwanza valvu za maji, maana koki ikizunguka huisokota mipira yake ya kuletea maji, na mpira uliojisokota huweza kuvuja kwenye kiungio. Uso ukiwa umeuelekeza juu, nati inakaza kuelekea mishale ya saa. Naonya hivi kwa sababu ukipeleka mkono kule chini huku unachungulia kwa juu, kila kitu kinageuka, na mimi nililegeza kwa dakika kadhaa nikidhani nakaza.

Taabu yenyewe ni nafasi. Spana ya kawaida haina pa kuzungukia nyuma ya sinki. Iko spana ya mafundi bomba yenye mpini mrefu na taya linalogeuka kichwani, imetengenezwa kwa kazi hii hasa. Ile nati ndogo ya skrubu hufikiwa na spana ya mrija. Aombwe mtu wa kuishika koki kwa juu, isije ikakazwa ikiwa imetazama pembeni. Kaza kwa vidole mpaka igome, halafu ongeza robo mzunguko tu. Ubabe haufai hapa: nati ya plastiki hukatika, sinki la kauri hupasuka. Nati ikiwa imeliwa na kutu au mpira wa kitako umesinyaa, badilisha, usibembeleze.

Shingo kugeuka kushoto na kulia si ugonjwa, nyingi zimeundwa hivyo. Mpini pekee ukicheza, tafuta skrubu ndogo chini ya kifuniko chake. Ila koki ya ukutani ikitikisika pamoja na bomba lake, hapo muite fundi. Bomba halijafungwa vizuri ndani ya ukuta, na kulivuta kunaweza kukivunja kiungio usichokiona.

Yangu ilichukua dakika kumi na tano, kumi kati ya hizo nikihamisha chupa za sabuni. Nikafungua valvu, nikapitisha karatasi kavu kwenye viungio vyote, na kesho yake asubuhi nikapitisha nyingine. Zote zilitoka kavu. Ubao uliovimba bado uko vilevile.