"Shall" si pacha wa "must"

Wengi tumefundishwa kwamba maneno ya Kiingereza "shall" na "must" ni kitu kimoja, yaani lazima: la kwanza ni la heshima, la mikataba na katiba, la pili lina ukali kidogo. Kwa hiyo wanaodai "shall" liondolewe kwenye lugha ya sheria huonekana watu wa kutafuta visa tu. Hawatendewi haki.

"Shall" limebebeshwa mno. Huamuru, hutaja wakati ujao, na mara nyingine huruhusu tu. Mwaka 1995, katika kesi ya Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, Mahakama ya Juu ya Marekani yenyewe ilikiri kwamba wanasheria hulitumia hata kwa maana ya "may", yaani ruhusa tu. Msomaji atajuaje basi kama ameamriwa au ameachiwa hiari?

Kuna kesi ambayo haipaswi kupitwa haraka. Mwaka 1999, mjini Castle Rock, Colorado, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya zuio dhidi ya mumewe. Nyuma ya karatasi hiyo polisi walichapishiwa maelekezo: "You shall arrest", au kama haiwezekani, ombeni hati ya kumkamata. Jioni moja ya Juni, mume aliwachukua mabinti zao watatu. Mama alipiga simu polisi tena na tena, na usiku wa manane akaenda kituoni mwenyewe. Hakukamatwa mtu. Kabla ya mapambazuko mume alifika kituoni na bunduki, akafyatua risasi, naye akauawa. Miili ya watoto ilikutwa ndani ya gari lake. Mwaka 2005, kwa kura 7 dhidi ya 2, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Katiba haikumpa mama huyo haki ya kudai amri ile itekelezwe. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu, alisema ili polisi wabanwe kweli na wasiwe na hiari, jimbo lilipaswa kutamka kwa nguvu zaidi ya "shall". Tena lilikuwa neno lililoelekezwa moja kwa moja kwa askari!

Watetezi wa "shall" wana majibu, na si mepesi. Mahakama ilitegemea pia desturi ndefu ya kuwaachia polisi hiari, kwa hiyo huenda hata "must" lisingewabana. Pia, sheria moja ikichanganya vifungu vya zamani vyenye "shall" na vipya vyenye "must", wakili hodari atadai tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi. Hapo wana haki ya kuogopa.

Lakini hofu hiyo inadai mabadiliko yafanywe kwa mkupuo. Afrika Kusini ilifanya hivyo: katiba ya mpito ya 1993 ilijaa "shall", ile ya 1996 ikachagua "must". Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007 kwa njia hiyohiyo, kila "shall" likipimwa: hapa "must", pale "may", kwingine "should".

Kwenye mikataba naweza kuliachia "shall" nafasi yake, mradi litaje wajibu wa mhusika na si jambo jingine lolote. Karatasi anayokabidhiwa askari wa zamu ni tofauti. Hiyo iandikwe "must".