Keneli ya 2009 kwenye kompyuta za Kigoma: ing'olewe au iachwe?

Ukimpelekea fundi wa kompyuta pale Mwanga, mjini Kigoma, desktopu ya mtumba yenye RAM ya GB 1 na kumwambia Windows imekushinda, wapo watakaokuwekea Puppy Linux, mfumo mdogo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Si wengi, lakini wapo, na kazi yao inaonekana: mashine iliyokuwa inaganda kwa kufungua barua moja sasa inachapa mitihani ya shule nzima. Shida ni umri wa matoleo yanayozunguka kwenye flashi zao. Bando lina bei, kwa hiyo kilichopakuliwa mara moja hunakiliwa miaka nenda, miaka rudi. Anakuja kijana aliyetoka chuo, anafungua dirisha la amri, anaandika uname -r kuuliza toleo la keneli, mashine inamjibu 2.6.31. Kijana anashika kichwa. Fundi naye anamshangaa: kwani kuna kilichoharibika?

Keneli ndiyo programu inayokaa katikati, kati ya programu nyingine zote na vifaa vyenyewe. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoamua nani apewe prosesa kwa zamu, na ndiyo inayojua lugha ya diski, kibodi, kadi ya mtandao na printa. Ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na toleo 2.6.31 lilitoka Septemba 2009. Kwa hesabu za kompyuta huyo ni mzee. Lakini mzee anayefanya kazi hafukuzwi kwa sababu ya mvi, na hapo fundi ana hoja ambayo vijana wengi hawaisikilizi hadi mwisho.

Toleo la Puppy lililokuja na keneli hiyo liliitwa Wary, na halikuachwa nyuma kwa uvivu. Barry Kauler, aliyeanzisha Puppy mwaka 2003, alichagua keneli kuukuu makusudi kwa ajili ya mashine kuukuu, hasa zile zilizokuwa bado zinatumia modemu za simu ya waya ambazo draiva zake (programu ndogo za kuendeshea kifaa) zilikuwa zimekufa kwenye keneli mpya. Kwa wenye vifaa vipya akatoa ndugu yake, Racy, mwenye msingi uleule ila keneli mpya zaidi. Yaani mwenyewe alikataa kuamua jambo hili mara moja kwa ajili ya watu wote. Kwangu hilo lina uzito kuliko maneno mengi yaliyosemwa baadaye.

Tena kuna sababu ya kiufundi ya kuogopa. Torvalds ana kanuni kali kwamba keneli mpya isivunje programu za watumiaji, na kwa kiasi kikubwa inafuatwa. Kanuni hiyo, hata hivyo, haizilindi draiva zilizotengenezwa nje ya keneli. Ndani kwa ndani mambo hubadilishwa bila kumwomba mtu radhi. Vifaa vya zamani navyo huachwa njiani. Prosesa za 386 ziliondolewa kwenye toleo 3.8 la mwaka 2013. Kadi za picha za Intel 845 na 855, zilizojaa kwenye mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilisumbua sana karibu mwaka 2010, pale kazi ya kupanga skrini ilipohamishiwa ndani ya keneli. Hata jina la diski lilihama: iliyokuwa hda ikawa sda, na mfumo uliokuwa umeandikiwa kuitafuta hda ukabaki umesimama kwenye skrini nyeusi. Mwalimu aliye Kasulu au Kibondo, mwenye kompyuta kumi na fundi aliye mbali, hawezi kulaumiwa akiona hatari hiyo ni kubwa kuliko faida.

Upande wa kijana huanza na usalama, na hapo ndipo mjadala unapochafuka. Atakutajia Dirty COW, tundu la usalama lililokaa ndani ya keneli tangu 2.6.22 ya mwaka 2007 hadi lilipozibwa Oktoba 2016. Ni kweli, 2.6.31 imo humo. Lakini tundu lile lilimwezesha mtumiaji wa kawaida kujipandisha hadi kuwa mkuu wa mashine (root), na kwenye Puppy za zamani mtumiaji ameshakuwa mkuu wa mashine tangu anapoiwasha. Hakuna ngazi ya kupanda. Aliyeingia kwenye brauza yako ameshaingia sebuleni, chumbani na jikoni. Matoleo mapya huendesha brauza kwa jina la mtumiaji mdogo anayeitwa spot, na ni huko, si kwenye Wary, ambako tundu la aina hiyo linakuwa na maana. Isitoshe, upya wenyewe si kinga. Dirty Pipe, tundu jingine lililotangazwa mwaka 2022, lilizaliwa kwenye toleo 5.8, aliyekuwa na keneli ya zamani zaidi ya hapo hakuguswa.

Nisieleweke kwamba hoja ya usalama ni tupu. Mwaka 2019 lilitangazwa tundu lililopewa jina la SACK Panic, ambalo mtu wa mbali aliweza kulitumia kuiangusha mashine kwa pakiti za mtandao zilizotungwa kwa hila. Liliwahusu wote waliokuwa na 2.6.29 na kuendelea. La namna hii halijali wewe ni root au ni spot. Na keneli iliyoachwa na watunzaji haizibiwi tundu lolote jipya, litangazwe au lisitangazwe. Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja: mashine hii inagusana na nini? Iliyofungiwa maabara ya shule kwa kuchapa na kujifunza majedwali, bila waya wala modemu, haina haja ya kukimbizwa. Iliyo kwenye steshenari karibu na soko, inayochomekwa flashi za watu wasiojuana kutwa nzima na kuingia barua pepe za wateja, ni habari nyingine kabisa.

Steshenari hiyohiyo ndiyo inayompa kijana hoja yake bora, na cha ajabu ni kwamba huitaja mwisho. Kadi za kumbukumbu za zaidi ya GB 32 huja zimepangwa kwa mfumo wa exFAT. Keneli ya 2009 haiujui. Draiva iliyo imara iliingia kwenye toleo 5.7 la mwaka 2020, na kabla ya hapo ilibidi kuongeza programu ya pembeni. Mteja analeta picha za harusi kwenye kadi ya GB 64, mashine inamwambia hakuna kitu. Anahamia duka la jirani. Kuandika vizuri kwenye NTFS, mpangilio wa diski za Windows, kutoka ndani ya keneli kumekuja na 5.15 ya mwaka 2021. Halafu kuna zram, iliyoingia rasmi katika 3.14 mwaka 2014, ambayo hukandamiza vilivyomo kwenye RAM ili nafasi itoshe zaidi. Kwenye mashine ya GB 1 hiyo ni tofauti kati ya brauza inayofunguka na brauza inayokufa. Hapa wazo kwamba keneli mpya lazima iwe nzito linageuka juu chini. Ni kweli msimbo umevimba, kutoka mistari milioni 3 na ushee wakati wa 2.4.0 mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 27 mwaka 2020. Lakini sehemu kubwa ya huo ni draiva, na draiva ambayo kifaa chake huna haipakiwi kwenye kumbukumbu.

Uzito wa kweli uko kwingine. Baada ya Meltdown na Spectre, matundu yaliyo ndani ya prosesa zenyewe, kutangazwa Januari 2018, keneli ziliongezewa kinga zinazokula kasi ya prosesa, na prosesa za zamani ndizo zinazolipa zaidi. Core 2 Duo, prosesa ya Intel ya zamani, haina kile kipengele cha PCID kinachopunguza gharama ya kinga ya Meltdown. Tangu toleo 5.2 unaweza kuzizima zote kwa kuandika mitigations=off kwenye mstari wa kuwashia, na wengi hufanya hivyo, kisha hao hao wanakuambia wamebadilisha keneli kwa ajili ya usalama.

Hoja ya intaneti, kwamba keneli ya zamani haitambui kadi mpya za Wi-Fi, naipa nusu ya uzito inaopewa. Ni kweli haizitambui. Ila watu wengi hapa huunganisha kompyuta kwa waya wa USB wa simu, na draiva ya simu za Android kwa njia hiyo imo hata kwenye keneli hizo za zamani. Kinachowakwamisha kwenye tovuti za leo ni brauza iliyozeeka na vyeti vya usalama vilivyokwisha muda.

Hapo ndipo wanaotaka kubadilisha keneli peke yake wanaponipoteza. Kwenye Puppy nyingi kazi yenyewe ni nyepesi mno: faili la vmlinuz, yaani keneli yenyewe, linawekwa jingine, na pakiti ya draiva zake iitwayo zdrv inabadilishwa pamoja nalo. Ukisahau hiyo ya pili, mfumo utawaka bila sauti wala mtandao. Wepesi huo unadanganya. Maktaba za programu zilizomo ni za mwaka uleule wa keneli ya zamani, na brauza ya leo haikubali kukaa juu yake. Kinyume chake nacho hakikubali: glibc za kisasa, maktaba kuu ambayo programu za Linux huitegemea, zinataka keneli isiyopungua 3.2, kwa hiyo huwezi kuweka programu mpya ukaiacha 2.6.31 chini.

Watu wa Kigoma hujibu hili kwa MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Meli ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927, na miaka ya 1970 ikatolewa mitambo ya mvuke ikawekwa dizeli. Bodi ile ile, injini mpya, safari ikaendelea. Ni mfano mzuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu kung'oa mvuke si kung'oa injini tu. Maboila, mabomba na mafuta ya kuendeshea yote hubadilika, na meli haisafiri muda wote kazi hiyo inapofanyika.

Damn Small Linux, Linux nyingine ndogo iliyojulikana kwa kukaa ndani ya MB 50, ililipa gharama hiyo hadharani. Iling'ang'ania keneli za 2.4 hadi toleo lake la 2008, ikalala. Ilipofufuliwa mwaka 2024 haikubadilishwa keneli tu. Ilijengwa upya juu ya antiX, Linux nyingine nyepesi, na lengo likawa kuenea kwenye CD moja ya MB 700. Wapo waliolalamika kwamba jina limebaki, udogo umekwenda. Lakini sioni njia nyingine waliyokuwa nayo.

Kwa hiyo kwa mashine ya Core 2 Duo, ambayo ni ya biti 64, nasema ing'olewe, na ing'olewe pamoja na mfumo mzima. BookwormPup64, Puppy iliyojengwa kwa vifurushi vya Debian 12 (Debian ni Linux kubwa ambayo nyingine nyingi hujengwa juu yake), inakuja na keneli ya 6.1, na hiyo ni ya tawi linalotunzwa muda mrefu. Tawi ndilo la kuangalia, si namba kubwa. Keneli iliyotoka mwezi uliopita na itakayoachwa baada ya miezi michache haimfai mtu ambaye fundi wake yuko safari ya nusu siku. Puppy hukaa ndani ya folda moja kwenye diski, hivyo toleo la zamani libaki kwenye folda yake na kwenye menyu ya kuwashia. Likikataa jipya, unarudi la jana bila kumpigia mtu simu. Anza na mashine moja, ichape, ichomekwe flashi na printa, iachwe iwake wiki nzima, ndipo uguse ya pili. Wenye steshenari wawe wa kwanza, maabara za shule zinaweza kusubiri likizo.

Laptopu za Pentium M na wenzake wa biti 32 ziko kwenye hali mbaya zaidi, na kuna vijana wanaowapa watu matumaini ambayo hayapo. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena keneli wala kisakinishi cha mashine hizo, na Mozilla nayo imefunga mlango wa Firefox za kawaida kwa Linux ya biti 32. Mtu aliye na laptopu ya aina hiyo yenye Wary inayochapa vizuri, mimi nisingemgusia keneli. Ningemwondolea brauza, nikamwachia kiandishi na jedwali la hesabu, na shughuli za benki na barua pepe nikamwambia azifanyie kwenye simu.