Askari Mmoja wa Madagaska

Balaa lote aliliita shemeji yangu anayesoma Ujerumani. Wenzake wakirudi Krismasi huleta chokoleti na manukato. Yeye aliteremka Morogoro na boksi la Risk.

Ni ule mchezo wa ubao wa kuteka dunia. Aliyeubuni ni Mfaransa, Albert Lamorisse, mwongozaji wa filamu, na ulitoka mwaka 1957. Dunia imekatwakatwa nchi 42 ndani ya mabara 6, na kila mchezaji ana askari wa plastiki wa rangi yake. Anayevamia hutupa hadi dadu tatu, anayelinda hadi mbili, kubwa inapimwa na kubwa. Zikilingana, anayelinda ndiye ameshinda. Hiyo sheria ya sare ishike, maana ndiyo iliyonimaliza.

Baba mkwe ni mwanajeshi mstaafu. Akavaa miwani, akaukagua ubao kama gwaride.

"Tanzania iko wapi?"

"Imo humo ndani ya Afrika Mashariki, baba."

"Halafu Madagaska imepewa ya kwake peke yake?"

Shemeji akakohoa. Akaendelea kueleza kwamba mwenye Afrika nzima, nchi sita, hupata askari watatu wa nyongeza kila zamu. Mwenye Ulaya, nchi saba, hupata watano.

"Wametuzidi nchi moja, wanapewa askari wawili zaidi? Hii si Berlin ya 1884 hii?" Akaapa kuikomboa Afrika kabla pilau halijaiva.

Mke wangu akaniita jikoni, akaninong'oneza: "Tafadhali, mwache baba ashinde." Ajabu ya dunia! Nani alitaka kushinda? Mahari yenyewe nilikuwa bado nadaiwa ng'ombe wawili.

Mambo yakaenda vizuri hadi mzee akawa na Afrika yote isipokuwa Madagaska. Na Madagaska ilikuwa yangu, ina askari mmoja, mwekundu, kasimama upande upande. Mzee akajaza askari kumi na mmoja Afrika Mashariki. Nikashusha pumzi. Kazi imekwisha, tukale.

Akatupa dadu tatu: tano, nne, mbili. Nikaitupa yangu moja. Sita.

"Bahati," akasema, akaondoa askari wake mmoja. Akatupa tena. Yangu ikasoma tano, yake kubwa nne. Mara ya tatu akapata sita, akapiga meza kwa furaha. Na mimi nikapata sita.

"Sare, baba," shemeji akasema, "sare ni ya anayelinda." Sijui kwa nini watu wa namna hii hawanyamazi.

Nikaanza kutafuta mbinu za kushindwa. Niliitupa dadu kwa ulegevu, ikabingirika hadi chini ya kabati. Nikapiga magoti, nikaiona imelala kwenye moja, nikashangilia moyoni. "Ni moja, baba!" Mzee akatikisa kichwa. "Iliyoanguka haihesabiwi. Rudia. Mimi sipewi ushindi wa chini ya kabati." Nikarudia. Sita. Alipoacha kuvamia alikuwa na askari sita, na mshipa wa shingo umesimama.

Zamu yangu ilipofika nikaamua kujiua kijeshi. Nilikuwa na askari watatu Brazil. Nikavamia Afrika Kaskazini alikokuwa na wawili. Dadu mbili kwa mbili, mwenye nafasi zaidi ni anayelinda, kwa hiyo nilikuwa na matumaini makubwa. Nikapata sita na tano. Yeye tatu na moja. Nilikwenda kufa, nikateka nchi.

Sebule ikawa kimya. Mama mkwe akachungulia na sinia mkononi. "Baba, chakula tayari."

"Nyumba hii iko vitani," akajibu bila kuinua macho.

Sasa, kwenye ile nyumba mzee asipokaa mezani hakuna anayekula, na meza ndiyo hiyo ilikuwa na dunia juu yake. Watoto wakaanza kulia. Shangazi mmoja aliyetoka Kilosa tangu alfajiri akaniangalia jicho ambalo nikilikumbuka hadi leo nasisimka. Hatimaye mzee akatangaza kusitisha mapigano. Akafunika ubao kwa kitambaa cha meza, akapiga marufuku mtu kuusogelea, na pilau la Krismasi tukalila chini kwenye mkeka. Sahani yangu ilikuja na mifupa mitupu. Mke wangu ndiye aliyepakua.

Tuliondoka vita havijaisha. Shemeji naye karudi Ujerumani, boksi kaliacha, asingethubutu kuliomba. Juzi simu ikaita saa kumi na moja alfajiri. Nikaipokea moyo ukinidunda, nikijua kuna msiba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeongeza askari tisa Afrika Mashariki. Tafuta dadu hapo ulipo, utupe, na simu mpe mke wako asome."