Mwalimu aliyeniona mwaloni

Kila nikipiga simu Kigoma, mazungumzo hayaishi bila kupitia shuleni. Ndugu zangu wanataka niwaambie huku Ufini wanatumia dawa gani mpaka mtoto anampenda mwalimu wake. Naishi Tampere mwaka wa 11 sasa, mji uliobanwa katikati ya maziwa mawili, na binti yangu anasoma hapa. La kusema ninalo, ila si lile wanalolitarajia.

Nianze na fimbo, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Huku ilipigwa marufuku shuleni tangu 1914, mwaka uleule reli ilipofika Kigoma. Kwetu kanuni za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Mimi nilisoma kabla ya hizo. Kitabu cha viboko sikuwahi kukiona, na mwenye mkono alichapa. Lakini kilichoniuma hakikuwa fimbo yenyewe.

Mama alikuwa mchuuzi wa dagaa Kibirizi, mwalo wa Kigoma ambako boti za uvuvi hutia nanga. Boti zinaingia alfajiri, dagaa wanatakiwa kutandazwa mapema wapate jua la kwanza, na watandazaji tulikuwa sisi watoto. Mwalimu wetu wa darasa la tano alipita pale na baiskeli kila asubuhi. Husimama: "Mwakeye, mama!" Mama anaitikia huku akipiga makofi taratibu kama tulivyo Waha, wanaulizana hali za nyumba nzima, kisha mwalimu anafungiwa dagaa wa mkopo. Mimi niko pembeni nimeinama, magamba yamenijaa mikononi. Ananiona. Nusu saa baadaye mwalimu huyohuyo yuko getini anawasubiri wachelewaji, nami nimo. Ananichapa kama mtu ambaye hajapata kuniona maishani.

Wasiojua Ziwa Tanganyika niwaeleze kidogo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo nilichelewa siku za giza na kuwahi siku za mbalamwezi, mwezi hadi mwezi, mwaka mzima. Daftari la mahudhurio lilikuwa kalenda ya mwezi kabisa, na mwalimu alilijaza kwa mkono wake.

Sasa huku. Mwaka juzi binti yangu, akiwa na miaka 8, alianza kuchelewa. Tampere mwezi wa Desemba jua linachomoza saa tatu na nusu asubuhi, tena siku nyingine hulioni kabisa, na watoto wa umri huo huenda shule peke yao kwa miguu. Mwalimu akatuita. Nikaenda nimejiandaa kuomba radhi, na shikamoo yangu moyoni isiyo na pa kutua. Nilivyokaa tu, yule mama akanipita akamgeukia mtoto: "Asubuhi huwa kunakuwaje?" Mtoto akanitazama kwanza, kisha akasema anaogopa giza la kwenye miti, kwa hiyo anasimama mlangoni kusubiri mtu mzima yeyote apite amfuate nyuma. Mimi wakati huo nilikuwa zamu ya usiku, sikuwa na habari. Mwalimu akatafuta mwanafunzi wa jengo la jirani wawe wanaongozana. Yakaisha.

Binti yangu humwita mwalimu huyo kwa jina lake tupu, bila "mwalimu" wala "madamu". Siku ya kwanza kulisikia nilitoka jasho. Nilidhani ndiyo siri yenyewe, huko kuitana majina. Siyo. Huku wapo walimu wanaoitwa majina yao na bado watoto hawawapendi.

Na niseme upande wa pili, maana wanaorudi likizo huwa hawausemi. Saa tisa ikifika, mwalimu wa huku ameisha. Tulimkuta dukani siku moja, akatupa tabasamu fupi na kuendelea na toroli lake. Binti yangu alijificha nyuma yangu kana kwamba kaona mzimu. Hajui tunakula nini, hatujui anaishi wapi. Kile kikao cha dakika 20 kimewekwa kwenye ratiba kwa sababu bila ratiba hakuna mahali pengine pa kukutana.

Mwalimu wangu wa darasa la tano alijua jina la mama yangu, deni lake kwa mama, na mdogo wangu anaumwa nini. Baba alipofariki, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na hitma alikaa mpaka mwisho. Kikao cha dakika 20 tulikuwa nacho kila asubuhi, bure, kando ya ziwa! Kilikuwa kinaishia getini. Akishavuka pale, alijilazimisha asinijue, pengine akidhani hiyo ndiyo haki: wote sawa.

Shemeji yangu anafundisha kijiji cha mwambao, njia ya boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe. Nilipomwambia haya alinijia juu. "Shemeji, wewe umeona darasa la watoto 20. Mimi ninao 90. Nimkalishe nani, nimwache nani?" Ana haki ya kukasirika, kwani hata sisi tulikuwa 80 na ushei, na mwalimu mmoja akisahihisha madaftari mpaka taa inaisha mafuta. Sikumwambia awakalishe. Nilimwambia achukue daftari la mahudhurio na kalenda yenye tarehe za mwezi mpevu, avilaze pamoja mezani.

Alikaa kimya wiki mbili. Jumapili iliyopita akanitumia sauti, upepo wa ziwa unavuma nyuma yake. Watano, anasema. Wawili alikuwa amewachapa Jumatano.