Kura Moja ya Agosti 1941

Tarehe 12 Agosti 1941 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura kuamua kama vijana walioandikishwa jeshini kwa mwaka mmoja waongezewe muda. Waliosema ndiyo 203, waliosema hapana 202. Siku hiyo Hitler alikwisha kuimeza Ufaransa na majeshi yake yalikuwa ndani kabisa ya ardhi ya Urusi, na Japani ilikuwa inaitafuna China kwa mwaka wa tano. Kura moja tu ndiyo iliyozuia vijana hao wasirudi makwao.

Hao 202 historia haijawahurumia. Husimuliwa kama watu waliofumba macho: kama si waoga, basi wajinga. Nadhani wanaonewa, ingawa si katika kila jambo.

Tuanze na walichokwisha kukiona. Mwaka 1916 Rais Woodrow Wilson alichaguliwa tena kwa sifa ya kuiweka nchi nje ya vita. Kufikia Aprili 1917 nchi imo katika Vita Kuu ya Kwanza. Wamarekani zaidi ya 116,000 hawakurudi. Waliorudi waliahidiwa kiinua mgongo cha baadaye, na walipokwenda Washington mwaka 1932 kukidai mapema, njaa ikiwa imewabana, jeshi lao wenyewe liliwafurusha kwa mabomu ya machozi na vibanda vyao vikateketea. Miaka miwili baadaye kamati ya Seneta Gerald Nye ikaanza kufukua hesabu za watengeneza silaha na mabenki, wananchi wakajionea waliotajirika katika vita ile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sheria za kutoegemea upande wowote, zilizopitishwa kuanzia 1935, zilitoka kwenye majeraha hayo.

Lakini ziliandikwa vibaya, na sisi wa upande huu wa dunia tuna sababu ya kulikumbuka hilo. Mussolini alipoivamia Ethiopia Oktoba 1935, Rais Roosevelt alipiga marufuku kuwauzia silaha wote wawili. Italia ilikuwa na viwanda vyake vya silaha. Ethiopia haikuwa navyo. Mafuta, ambayo ndiyo Mussolini aliyahitaji, hayakuwamo katika marufuku hayo, na mauzo ya mafuta ya Marekani kwa Italia yakapanda. Hapo hakuna utetezi. Tena rubani mashuhuri Charles Lindbergh, sauti kubwa ya wapinga vita, alisimama Des Moines Septemba 1941 akawataja Wayahudi miongoni mwa wanaoisukuma nchi vitani. Doa hilo halijatoka hadi leo.

Hata hivyo, woga mkubwa wa wapinga vita haukuwa Hitler. Walihofu kwamba nchi inaweza kuingizwa vitani kidogokidogo, bila kuulizwa. Na ndivyo ilivyokuwa. Novemba 1939 waliokuwa vitani wakaruhusiwa kununua silaha, mradi walipe taslimu na wachukue kwa meli zao. Septemba 1940 Uingereza ikapewa manowari 50 kukuu, Marekani ikapata haki ya kujenga vituo vya kijeshi katika makoloni ya Uingereza. Mwezi uliofuata, akiwa Boston kwenye kampeni, Roosevelt aliwahakikishia wazazi kwamba vijana wao hawatapelekwa katika vita vya kigeni. Machi 1941 taslimu ikafutwa: chukueni, tutahesabiana baadaye. Aprili, Waitaliano wakiwa wameng'olewa Addis Ababa (askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Afrika Mashariki wakiwamo katika kazi hiyo) na bandari ya Massawa nayo imeanguka, Roosevelt akatangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la vita tena, ili meli za Marekani zipeleke mizigo hadi Suez.

Kisha ikaja Greer, manowari ya Marekani, na hapa ndipo ninapokwama kila nikiisoma habari hii. Tarehe 4 Septemba 1941 Greer iliifuatilia nyambizi ya Kijerumani kwa saa kadhaa, ikiitajia ndege ya Waingereza mahali ilipo. Ndege ikadondosha mabomu. Ndipo nyambizi ikafyatua torpedo, ikakosa. Wiki moja baadaye Roosevelt aliwaambia wananchi redioni kwamba Mjerumani ndiye aliyeanza kupiga. Kuhusu ile ndege, kimya. Akazifananisha nyambizi hizo na nyoka ambaye humngoji akuume ndipo umponde, na kuanzia hapo jeshi la majini likawa na ruhusa ya kupiga. Oktoba haikuisha kabla manowari nyingine ya Marekani, Reuben James, haijazamishwa pamoja na mabaharia wake zaidi ya 100.

Kuhusu Hitler, Roosevelt aliona mbali kuliko wote 202, na sitaki kuwazia Ulaya ingekuwaje kama wangeshinda. Ila kuhusu namna nchi inavyofikishwa vitani, wao ndio walioisoma vizuri.

Desemba 7 Japani, iliyokwisha kukatiwa mafuta na Marekani tangu katikati ya mwaka huo, ikapiga Pearl Harbor. Kesho yake Baraza likapiga kura ya vita: 388 kwa 1. Mmoja huyo alikuwa Jeannette Rankin wa Montana. Mwaka 1917 pia alikataa, lakini wakati ule walikuwa 50. Safari hii alijifungia katika kibanda cha simu hadi polisi walipokuja kumtoa katikati ya watu wenye hasira. Desemba 11 Hitler mwenyewe akaitangazia Marekani vita, na wajumbe wakaitwa tena kupiga kura. Rankin hakusema ndiyo wala hapana. Alijibu tu kwamba yupo.